Boila Namwachia Chepkemboi

Jumatatu, 3 Machi
Orodha imebandikwa. Sisi mainjinia wapya wawili tutazungushwa idara zote za kiwanda hiki cha majani chai mwaka mzima, kisha mmoja tu ataajiriwa. Chepkemboi anaanzia ofisi ya mipango: kompyuta, kiti cha kuzunguka. Mimi, Gekara, boila, tangi la mvuke wa kukaushia chai. Mimi! Mzee Omwenga, fundi wa boila, alitazama viatu vyangu vyeupe akasema moto hausomi cheti. Akanionyesha rundo la kuni.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia meneja, Bi Rodah, kwamba moshi wa boila unanibana kifua. Nikakohoa mara nne. Akauliza kwa upole ni moshi gani, maana boila imezimwa tangu jana isafishwe. Sikuwa najua. Jana nilishinda kantini.
Nimetumwa kusafisha.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu mpya. Tukila kantini, nimemweleza Chepkemboi kwamba boila ndiyo moyo wa kiwanda, kwamba wakurugenzi hawamkumbuki mtu wa ofisi. Akaacha kutafuna. Akauliza kama kweli ningekubali tubadilishane. Nikajifanya kusitasita. Kidogo tu.
Bi Rodah amekubali!

Alhamisi, 13 Machi
Kiti kinazunguka kushoto na kulia. Kazi hakuna. Raha.

Jumanne, 25 Machi
Chepkemboi amegundua paa la banda la kuni linavuja, tumekuwa tukichoma kuni mbichi kama chai yenyewe. Yeye na Omwenga wameliziba, wakapanga kuni upya. Sasa zinatumika pungufu kwa moja ya tano. Wakurugenzi wamekuja leo, wakapiga picha naye. Wakasifu pia ripoti yake ya kurasa kumi na nne. Aliyeichapa ni nani? Mimi!
Nilimlalamikia Omwenga kwamba nafasi ile ilikuwa yangu. Akajibu, "Injinia, huyu msichana aliuliza maji yanaingilia wapi. Wewe uliuliza chakula ni saa ngapi."
Sikula chakula cha jioni. Au tuseme, karibu nisile.

Ijumaa, 28 Machi
Nimetafakari siku tatu. Kosa langu nimeliona wazi: sijamkaribia meneja vya kutosha. Nasikia Bi Rodah ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwao, na hawana sauti ya besi. Jumapili najiunga. Sijawahi kuimba, lakini sauti ni mitetemo tu, na somo la mitetemo nalijua kuliko wenzangu wote. Wao walifanya mtihani wake mara moja. Mimi mara tatu.