Picha ya Sekunde Kumi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi. Kituo chetu cha vijana hapa Bomang'ombe kinaandaa semina ya wazazi kule Kwa Sadala. Mada: hizi programu za simu ambazo kijana anatuma picha, inaonekana sekunde kumi, inapotea. Nani ataongoza? Mimi Efraimu, mzoefu wa miaka yote hii? Wapi! Mkurugenzi, Mama Hilda, anamtaka Salvina. Salvina aliyeajiriwa juzi! Eti tusiwanyang'anye vijana simu, tuongee nao. Nikasema picha hizo hazipotei ng'o, kuna mtu anabaki nazo. Salvina akaniuliza kama nimewahi hata kuitumia hiyo programu. Wakacheka wote. Watanitambua.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeipakua. Baada ya makande ya mchana Salvina alisinzia mezani, mdomo wazi. Nikampiga picha. Nimemtumia Fredy, kijana wa kikundi chetu, nikamkataza kabisa asiihifadhi. Huo ni utafiti! Akiihifadhi, nimeshinda.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeshinda! Fredy kaihifadhi, sasa iko kwenye kundi la simu la kwaya yake. Imefika mpaka Sanya Juu, kwa mama mkwe wa Salvina. Nilitegemea pongezi. Badala yake Mama Hilda kaniita, kafunga mlango, kaniambia kwamba hatari tuliyokuwa tunaijadili ni mimi. Mimi! Salvina kalia, mkwe wake anamwita mvivu. Basi nimwombe radhi kabla ya kikao cha Ijumaa, la sivyo semina niisahau na hata kazi niiangalie vizuri. Huyo Fredy naye haniamkii tena, anacheka tu. Mshenzi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Baba mdogo Sirili kasema maneno matupu hayatoshi, nimpelekee Salvina sale. Kweli, Mchagga akipelekewa jani la sale hakatai kusamehe. Lakini mimi nipande mpaka kwake Machame na jani mkononi, watu wananichungulia migombani? Thubutu! Nimechuma moja hapo uani, nikalipiga picha, nikamtumia kwa programu ileile. Sekunde kumi. Asibaki na ushahidi kwamba nilimnyenyekea. Ameshaifungua. Nimemaliza kazi bila kuchafua viatu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kikaoni Mama Hilda aliuliza kama nimeomba radhi. Nikajibu ndiyo, tena kwa sale, aulizwe mwenyewe. Salvina akasimama taratibu. Hata hakunitazama.

"Nililiona," alisema. "Nikamsamehe kwa sekunde kumi."

Walicheka mpaka wengine wakashika meza. Semina kapewa yeye. Mimi nitapanga viti. Viti! Na Jumatatu wanaijadili ajira yangu.

Nimerudi nyumbani. Nimekaa, nimelitafakari jambo hili kiutu uzima, na kosa langu nimeliona waziwazi. Sekunde kumi ni chache mno. Nimelipiga tena picha lile jani, safari hii nimeweka thelathini.