Mtaalamu wa Baridi

Jumatatu, 3 Novemba

Tumbo linanikata tangu mchana, na sijala kitu kibaya. Ni shemeji.

Kaja karakana na viatu vinavyong'aa. Kaegemea friji ya mwenye bucha niliyoipaka rangi asubuhi (nikamwacha aegemee), kaniuliza Kidoti wangu ataanza wapi darasa la kwanza. Nikasema Geti Jeusi, kama mwanao. Nilitaka kumchoma kidogo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. Akasema siku hizi pale hawamsaili mtoto peke yake, wanachuja mpaka wazazi. Mwalimu Mkuu anamweka mtoto kitini, anamtazama kwa juu ya miwani, halafu anamuuliza: baba anafanya kazi gani? Eti mtoto wa makanika wa kule kituo cha mafuta alijibu "makanika", na hadi leo hawajaitwa.

Na usaili ni Alhamisi!

Mimi ni fundi friji. Nimekuwa fundi friji tangu sijaota ndevu. Sikuwahi kuona kama ni jibu baya, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kwa juu ya miwani. Sasa naogopa. Kidoti ana akili jamani, ana miaka sita na anasoma maandishi ya kwenye makopo yote ya dukani. Akikosa shule nzuri kwa sababu yangu, uso nitauficha wapi?

Faraja moja tu. Shemeji kaondoka na mstari mweupe wa rangi mgongoni, na suti yenyewe ya bluu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata! Mtaalamu wa Baridi. Na si uongo. Friji ni nini? Ni baridi iliyofungiwa kwenye sanduku.

Nimemsimamisha Kidoti juu ya ndoo pale karakana, nikavaa miwani ya kuchomelea, nikamuuliza kwa sauti nzito baba anafanya kazi gani. Akacheka, akasema fundi friji. Nikapiga meza. Akaacha kucheka. Tukarudia, tukarudia tena. Akaniuliza ni baridi ya wapi. Nikamwambia asiulize, aseme tu.

Hadi jioni alikuwa anaisema vizuri, ila kwa sauti ya mtu anayeungama. Chakula hakugusa. Anasema tumbo linamkata. Nikamwambia hata mimi. Mke wangu katutazama sote wawili, kasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kidogo tena kasema njia ya mwongo ni fupi, kaondoa sahani. Methali mbili katika mlo mmoja ni dalili mbaya.

Jumatano, 5 Novemba

Mke wangu hakuniomba ruhusa. Kanishika mkono mbele ya wateja, kamshika Kidoti kwa mkono wa pili, tukaenda kuona shule ndogo iliyo nyuma ya kiwanda cha mikate. Geti ni la mbao, linafungwa kwa kamba. Madarasa machache, yamefagiliwa. Na sungura! Banda zima la sungura, na watoto wamepangiana zamu ya kuwalisha.

Mwalimu mkuu wa pale ni mama mmoja mwenye chaki kwenye gauni. Hakuniuliza lolote. Alichuchumaa mpaka akalingana na Kidoti, akamuuliza sungura yule mweusi angemwita nani. Kidoti akamwita Masizi. Kisha akafunguka kama bomba, akaeleza habari zetu zote za nyumbani, ikiwemo kwamba baba huongea na friji anapozitengeneza. Ni kweli, lakini si jambo la kutangaza.

Mke wangu akasema naona mtoto ameshaamua. Nikasema mtoto haamui mambo ya geti. Shule haina hata bango! Shemeji akiuliza nitamwonyesha nini, kamba? Nikakataa katakata. Usaili wa kesho uko palepale. Kidoti karudi nyumbani na jani la kabichi mkononi.

Alhamisi, 6 Novemba

Aibu, aibu, aibu. Sijui nianzie wapi.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu wa Geti Jeusi ina zulia. Sikujua kama watu huvua viatu. Nikavua kimoja, nikaona yeye amevaa, nikashindwa kukirudisha. Kwenye kona kuna friji ndogo inaguruma. Feni ya nyuma inagonga mahali, kazi ya kufumba na kufumbua. Vidole viliniwasha! Nikakaza macho dirishani kama mtu asiyejua friji ni mnyama gani.

Kidoti alikaa kitini, miguu haifiki chini. Mwalimu Mkuu ni mtu mrefu, mpole kwa kweli, lakini ile miwani ipo. Akamuuliza jina, akajibiwa kwa kunong'ona. Akamuuliza baba anafanya kazi gani. Kidoti akanitazama, midomo ikaanza kumcheza. Nikajikunyata na kugonganisha meno ili nimkumbushe baridi. Mwalimu Mkuu akaniuliza kama ninaumwa. Hapo ndipo mtoto akaangua kilio: "Nimesahau kazi ya baba!"

Kidoti! Anayekuja karakana kila akitoka chekechea. Anayenishikia tochi. Bisibisi zangu zote anazijua. Moyo uliniuma, na ulikuwa hauna ruhusa ya kuniuma wakati ule, maana usaili ulikuwa unaendelea. Mke wangu kampakata mtoto. Mimi hakunitazama hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko miwani.

Mwalimu Mkuu akanigeukia, akaniuliza mimi mwenyewe. Mtu mwenye akili zake angesema kweli na kuokoa kilichobaki. Nikasema mtaalamu wa baridi. Uso ukamkunjuka. Aa, hali ya hewa! Nikaitikia kwa kichwa. Sijui kwa nini, kichwa kilijiitikia chenyewe. Akasema Mungu mwenyewe ndiye aliyenileta, maana Jumamosi wana siku ya michezo: je, wafunge maturubai au wasifunge? Nikatazama mbingu kitaalamu. Nikasema mvua hakuna, hata tone.

Katualika familia nzima.

Ijumaa, 7 Novemba

Mawingu.

Sijafanya kazi ya maana. Kila nikishika koleo natoka nje kutazama juu. Mwenye bucha kaniuliza natafuta nini kule. Nikasema ndege. Kasema yeye anatafuta friji yake, na kwa nini ina alama ya mgongo wa mtu.

Alasiri upepo ukaanza. Nikamwambia mke wangu kesho siendi popote, nina homa. Kaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kasema mbona la baridi kabisa, mtaalamu.

Kidoti hakuja karakana. Nimemkuta amekaa kizingitini, nikamwita anishikie tochi. Kasema anaogopa kukosea. Kukosea nini, mwanangu? Ni tochi tu! Hakuinuka.

Nimeshika tochi kwa meno. Haifai.

Jumamosi, 8 Novemba

Haikunyesha, ilimwagwa! Wazazi wamepangwa kwenye viti uwanjani, watoto wamepanga mstari wa mbio za magunia, maturubai yamelala stoo kwa ushauri wa mtaalamu. Mbingu ikapasuka. Watu wakakimbilia bwaloni, wengine na viti vichwani.

Nikajificha nyuma ya shemeji. Kavaa suti ileile, mstari bado upo. Mwalimu Mkuu alikuwa anapita katikati ya watu, miwani imejaa maji, anauliza yule bwana wa hali ya hewa yuko wapi. Nikainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Wakati huohuo mpishi akapiga kelele kwamba friji kubwa imezima na maziwa ya watoto yote yamo ndani.

Ndipo nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia sawasawa tangu Jumatano, kwa sungura. Kidoti, juu ya benchi, kalowa chapachapa: "Baba yangu ni fundi friji! Ataitengeneza!"

Bwalo zima likageuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini nilimtazama Kidoti. Alikuwa anacheka, maji yanamtiririka puani, kakumbuka! Sikuweza kumkana. Nikasema ndiyo, ni mimi, fundi friji.

Akanishikia tochi, akaielekeza palepale nilipotaka. Ilikuwa waya umelegea tu. Friji ikaguruma, watu wakapiga makofi. Mwalimu Mkuu kanitazama kwa juu ya miwani, nikangoja kufukuzwa. Kasema wametafuta fundi friji mpaka wamechoka, kwa nini sikusema? Halafu kasema nafasi ya Kidoti ipo, ilikuwepo tangu Alhamisi.

Na nani kaja kunipa mkono? Makanika wa kituo cha mafuta! Na mwanawe kando yake, ndani ya sare ya Geti Jeusi. Nikamuuliza si nilisikia hamjaitwa? Kasema hawajaitwa, ndiyo. Waitwe kwa lipi, walikubaliwa palepale.

Nimemtafuta shemeji bwaloni. Hayupo.

Jumapili, 9 Novemba

Mke wangu kamuuliza Kidoti mwenyewe anataka kusoma wapi. Kwa Masizi, kasema. Kule hawaulizi kazi ya baba.

Nimekubali. Ndiyo, mimi! Kilio cha Alhamisi bado kiko masikioni. Tumbo likaachia mara moja, nikala sahani mbili, na mke wangu kanipakulia mwenyewe bila methali. Nimejifunza mengi wiki hii. Kwa mfano, "Mtaalamu wa Baridi" lilikuwa jina lenye kasoro. Linachanganya watu.

Alasiri kapita shemeji, kasimama mbali na vitu vyenye rangi. Kasikia habari za sungura, katikisa kichwa kile cha msibani. Kasema pale nafasi zinagombaniwa siku hizi, na yule mama anawapendelea wazazi wanaojua wanyama. Eti kuna aliyekataliwa kwa kuogopa paka.

Na kesho ndiyo tunakwenda kuandikisha!

Tumbo limerudi. Mke wangu katoka kidogo, kaenda kwa dada yake. Nimemwita Kidoti karakana, nimemsimamisha juu ya ndoo. Nimemwambia kesho akiulizwa, aseme baba ni daktari wa sungura. Kanitazama sana. Kauliza, sasa yule fundi friji atakwenda wapi.

Nimemwambia asiulize, aseme tu.