Nilivyoomba Nipunguziwe Mshahara

Jamani, leo nimejiumbua mwenyewe, mchana kweupe, tena nikiwa na suti. (Ya kuazima. Ya dada. Inabana.)

Mnajua nina shahada ya biashara. Mnajua pia kwamba tangu nihitimu, kazi yangu ni kupanda milimani na mama hadi kijiji cha Kinole kununua ndizi na viungo, tunakuja kuuza Morogoro mjini. Sasa leo nimeitwa kwenye usaili. Kampuni moja hapa mjini inatafuta afisa manunuzi. Hiyo kazi nimeitaka hadi nimekonda!

Wiki nzima nimejifungia na kioo, nafanya mazoezi ya majibu. Udhaifu wako ni nini? "Napenda mno kazi." (Muongo mimi!)

Nimeingia, nimeamkia, "Shikamoo mama." Bosi ni mama mtu mzima, miwani puani, hacheki. Maswali yakaja, nikayapangua yote! Mkakati, ugavi, ushindani, kwa Kiingereza cha kupitishia puani. Nikamwona anaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, ada ya chuo haikwenda bure.

Akafunga faili. "Haya mwanangu, mshahara wetu sisi ni huu." Akautaja.

Wallahi sikufikiri. Mdomo ulijiendea wenyewe.

"Mh! Mama nawe, punguza basi kidogo."

Mama akavua miwani.

"Nipunguze... mshahara wako?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi? Nikabeba mkoba nikaelekea mlangoni! Nakimbia aibu, lakini ukinitazama nilikuwa yule yule mteja wa sokoni anayejifanya anaondoka ili aitwe. Nimeshika kitasa, nasikia nyuma yangu mama anacheka huku anapiga meza.

"We binti! Rudi, njoo uchukue!"

Nikageuka.

"Bei ni hiyo hiyo, sipunguzi hata senti," akasema akijifuta machozi. "Wenzako wote wamenisomea vitabu wakaondoka. Mimi natafuta mtu ambaye akitajiwa bei hawezi kunyamaza. Jumatatu uanze."

NIMEPATA KAZI! Nimetoka pale natembea kama milima yote ya Uluguru ni shamba la babu yangu.

Nikampigia simu mama yangu. Vigelegele alivyopiga, mtaa mzima umesikia. Nikamsimulia kisa chote. Akauliza, "Sasa alivyokuita urudi, nyongeza hukudai?"

Msinicheke. Ni ugonjwa wa ukoo.