Tone la Maji na Ngome Isiyotaka Kulowa

Sogeeni, enyi waungwana, na mwenye kikohozi akikohoe kabisa, maana nataka kunena habari za vita iliyopiganwa juu ya meza ya maabara, siku kumi na tisa mfululizo, baina ya maji na utando mweupe usiozidi upana wa kifungo cha koti. Shujaa wake ni mimi. Niwieni radhi, hakupatikana mwingine.

Utando ule ulikuwa ngome yenye matundu yasiyo na idadi, membamba hata elfu nne yakijipanga bega kwa bega ndipo yatimize unene wa unywele mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupitisha maji humo, uchafu ubaki nje. Maji hayakupita. Nikashika pampu kwa mikono miwili, nikaongeza msukumo, utando ukapasuka. Nikaweka mwingine, nikaongeza tena, nao ukapasuka. Wenzangu wakanitunuku jina la Bwana Ongeza, nami kwa upumbavu wangu nikalivaa kama kilemba. Hata siku ya kumi na nane, tando kumi na saba zilikuwa zimelala kwenye ndoo ya taka, na mmoja tu ndio uliosalia.

Ndipo Profesa alipoingia, akaitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Bwana Ongeza, kesho saa sita mchana benchi hili nampa mwenzako. Utafiti wako tutautafutia kichwa kingine. Au mtu mwenye kichwa kingine."

Mambo yakawa yamenitumbukia nyongo. Miaka miwili ya masomo, na sikuwa na hata tone la kuonyesha.

Alasiri ile akaja dada yangu mkubwa, muuguzi, kuniletea funguo nilizoziacha zikining'inia mlangoni. Akainama juu ya utando.

"Mbona hili tone la maji hapa juu limejiviringa kama shanga?"

"Linajikusanya kabla ya shambulio, dada."

"Shambulio gani? Sufuria yenye mafuta ukiimwagia maji, yanafanya hivihivi. Huu utando wako una mafuta?"

"Hauna. Ila kuta za matundu ni plastiki, na plastiki hii na maji havipatani, ni kama..."

"Kama nini? Malizia."

"Kama mafuta na maji."

"Sasa wewe unamsukuma mgeni kwenye nyumba asikotakiwa, halafu unashangaa mlango ukivunjika! Si uwabembeleze wenye nyumba kwanza?"

Enyi wasikizi, aibu ina uzito. Somo hilohilo nililifundisha muhula uliopita, kwa michoro ya rangi tatu, na aliyekosea nilimkata alama nne.

Kulipokucha nikauogesha utando wa mwisho kwa spiriti, kwani spiriti ni mshenga hodari: inaelewana na plastiki, inaelewana na maji. Ikaingia matunduni bila hata kubisha hodi. Kabla haijakauka, nikauzamisha utando katika dawa ipendayo maji, ikatandaa juu ya kuta kama rangi nyepesi. Saa sita kasoro dakika ishirini nikaufunga mahali pake, nikaiweka pampu kwenye msukumo mdogo kuliko yote. Mkono ukaniwasha kuongeza. Nikaukalia.

Profesa akasimama mlangoni, nyuma yake mwenzangu amebeba maboksi yake. Chini ya utando pakatokea mng'ao, ukavimba, ukaning'inia. Nikainuka, nikapaza sauti:

"Shuhudieni, enyi watu wa maabara! Yaliyokataa kwa mabavu yamekubali kwa—"

"Bwana Ongeza," akasema Profesa, "kikombe."

Sikuwa nimeweka kikombe. Tone la kwanza katika historia ya utafiti wangu likaangukia kiatu changu, likazama soksini. Mwenzangu akacheka hata akatua maboksi. Lakini likaja la pili, na la tatu, nami nikayapokea viganjani. Profesa akayahesabu kwa saa yake, moja baada ya jingine.

"Yanakuja sawasawa," akanena, kisha akamgeukia mwenzangu. "Rudisha maboksi yako."

Basi andikeni, enyi waandishi wa zama, kwamba mchana ule maji yalipita mahali yasipopita, na jemadari alishinda kwa kuacha kusukuma. Nikampigia dada yangu kumtangazia ushindi: nusu kijiko kizima!

"Hongera, mdogo wangu," akasema. "Yanatosha kunawa?"

"Kidole kimoja," nikajibu kwa fahari, na machozi yangu yalikuwa mengi kuliko maji hayo.