Maji Moto Saa Zote

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya Molo leo haina adabu. Ng'ombe wanatoa moshi puani kama lori za viazi zikipanda mlima. Mimi nimevaa tai. Meneja havai sweta tupu.

Madam Sue amepiga simu kutoka Nakuru. Karavani yake, ile nyumba ya magurudumu aliyoniegeshea shambani niitunze na kupokea wageni, imelalamikiwa. Wageni wa wiki jana wamesema hawakuoga, walipigwa na mvua ya mawe. Sasa anakuja Jumamosi kulala mwenyewe na kuoga mwenyewe. Akikuta maji baridi, Jumapili trekta inaivuta karavani hadi ng'ambo ya ua, kwa jirani yangu Kipruto.

Kwa Kipruto! Nimechungulia juu ya ua. Ameshafyeka mahali pa kuiweka. Amepanda maua. Maua!

Na mimi bila karavani ni meneja wa nini? Wa kuku?

Nimemwambia Madam asiwe na shaka, uchunguzi umeanza. Umeanza simu ilipokatika. Ubavuni mwa karavani kuna kimlango, na ndani yake hita ya gesi: tangi, mabomba, na vitu vingine. Ukibonyeza swichi inafanya tik-tik-tik, inawaka puu, inazima. Nimebonyeza mara kumi na tisa. Haijabadilisha maneno.

Uamuzi: gesi ni mbaya.

Jumanne, 15 Julai

Mke wangu Wangare alipotoka kwenda kuchimba viazi, nimeng'oa mtungi wake wa jikoni nikaufunga kwenye karavani. Jiko la karavani limewaka. Nimepika chai, nzuri kabisa. Hita: tik-tik-tik, puu, kimya. Kwa hivyo gesi si mbaya. Huu ni ugunduzi.

Wangare amerudi akakuta jiko lake halina mtungi. Ameniuliza kwa upole, ule upole wa kuogopwa, kama mimi, Baba Travis, siku hizi nimeoa karavani. Chakula cha jioni: mkate na maziwa baridi.

Kipruto naye amekuja kwenye ua. Sasa meneja, akanisalimia, akauliza karavani ina madirisha mangapi. Anataka kujua maua yaelekee upande gani. Nimemjibu kwamba haina madirisha. Alikuwa anayatazama.

Jumatano, 16 Julai

Nimeamua kuona hiyo puu kwa macho. Nimeinama, nimesogeza uso, nimebonyeza. Puu imetoka nje kunisalimia. Nyusi ya kushoto imeenda.

Wangare amenichora nyingine kwa penseli yake ya urembo. Alikuwa anachora huku anacheka, kwa hivyo nyusi imepanda juu mno. Upande wa kushoto naonekana nimeshangaa. Upande wa kulia najua kila kitu.

Ndipo akaniambia yuko binti anaitwa Chesang, ana kibanda Rhonda kule Nakuru, anatengeneza majiko na hita za gesi. Ndiye aliyefufua jiko la kanisa wakati wa harambee, jiko ambalo wazee watatu walikuwa wameshalizika. Nimekataa katakata. Meneja akiita fundi, meneja ni nani?

Nimempigia simu nyuma ya zizi la ng'ombe. Mpango: aje Ijumaa, atengeneze, aondoke, na mimi nimwambie Madam nimetengeneza kwa mikono yangu. Nimemwomba apitie njia ya nyuma na afunike kisanduku cha vifaa kwa gunia. Ameniuliza kama hiyo ni hita au ni magendo.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa akiba, Chesang asipofika. Nimechemsha maji kwa kuni, sufuria baada ya sufuria, nikamimina kwenye tangi kubwa la karavani. Ilipoingia sufuria ya saba, ya kwanza ilikuwa imeshapoa. Nimegundua kwamba Molo inashinda moto. Nimefunga mpango wa akiba.

Mtungi umerudi jikoni. Upole wa kweli wa Wangare pia umerudi, kidogo.

Ijumaa, 18 Julai

Siku kubwa. Naandika polepole ili nisisahau.

Chesang amekuja kwa njia ya mbele, kisanduku kinang'aa juani. Kipruto amempungia mkono. Basi.

Nilidhani ataanza kufungua. Hakugusa kitu. Ameketi juu ya kreti ya soda akauliza maswali. Jiko la ndani linawaka? Linawaka. Basi gesi inafika, akasema. Kilichonichukua Jumanne nzima na chakula cha jioni, yeye amekimaliza kwa swali moja. Kisha ameitazama nyusi yangu, akasema pole mzee, hilo la kuchungulia tusilirudie.

Amepaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya bomba. Hakuna kilichotoa mapovu, hakuna kinachovuja. Amenisogeza nyuma, amewasha mara moja tu, ameutazama moto kwa ule muda mfupi kabla haujazima. Mara moja! Akasema moto ni wa manjano, mvivu, kama wa koroboi, na moto wa gesi unatakiwa uwe wa buluu. Gesi iko, akasema, ila hii kitu haipumui.

Haipumui. Nimerudia neno hilo mara tatu kimoyomoyo. La kumwambia Madam.

Amefunga gesi, amesubiri, amechomoa kibomba kinachopeleka gesi na hewa kwenye moto, amekiinua akakitazama kuelekea mawinguni, jicho moja. Akachukua spoku ya baiskeli, akasukuma taratibu. Limetoka donge la udongo mkavu, laini kama limepigwa plasta. Kiota cha nyigu. Ndani yake buibui wadogo, wamepangwa kama maharagwe kwenye ganda. Ameniambia nyigu wanavipenda sana vibomba hivi.

Mtu mwingine angetupa. Chesang ameliweka kiganjani, akasema huyu nyigu kazi yake ni safi. Na ni kweli. Kuna mafundi wa plasta hapa Molo hawamfikii. Tumesimama wote wawili tukimsifu adui.

Amesafisha kibomba kwa brashi ya chupa ya mtoto, amekirudisha, amebonyeza. Tik. Moja tu! Moto wa buluu, umesimama wima, unaimba. Nimevua kofia. Sikupanga, mkono umeenda wenyewe.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Baada ya nusu saa amefungua bomba la bafuni. Maji vuguvugu, kama chai ya mgonjwa. Ameshika bomba linalotoka kwenye tangi, limemchoma. Tangi linachemka, joto halifiki bafuni. Ametega sikio. Nimependa alivyolitega, kama mtu anayesikiliza mwizi ghalani. Kisha ameenda moja kwa moja chini ya kitanda na kuinua ubao.

Hapo kuna koki. Kiwandani waliandika BYPASS. Ilikuwa imefunguliwa. Na pembeni, kwa kalamu ya maka, mtu ameandika EXPRESS.

Najua habari za hiyo koki. Niliikuta wakati wa Pasaka. Kila Mkenya anajua bypass ni barabara ya kukwepa jam, msongamano wa magari. Maji ya moto yalikuwa yanakawia kufika bafuni, nikaona yako kwenye jam, nikayafungulia barabara.

Chesang amenieleza bila kuinua sauti kwamba hii bypass inakwepa hita. Maji baridi yanapita kando ya tangi, yanaenda kuungana na ya moto njiani, na mgeni anaoga mchanganyiko. Kisha akauliza nani ameandika Express. Nimesema labda Kipruto. Mtu mwenye wivu.

Ametoka nje. Amesimama langoni mbele ya kibao changu, MAJI MOTO SAA ZOTE. Mimi herufi S hunitoka kinyume, tangu darasa la pili. Amerudi, akasema kumbe mzee na Kipruto mlifunzwa na mwalimu mmoja.

Amefunga koki, amefuta Express, amebandika utepe mweupe juu yake akaandika: HAPANA.

Maji yametoka yakiwa na mvuke. Nimenawa mikono mara nne.

Jumamosi, 19 Julai

Madam Sue amefika na taulo lake. Ameingia bafuni. Mimi nimesimama nje na tai. Kipruto ameegemea ua na futi ya kupimia. Tumengoja yowe.

Kukatoka wimbo wa kanisa. Beti zote. Kipruto amekunja futi yake.

Madam ametoka mwekundu, anatoa moshi. Ameniuliza shida ilikuwa nini. Nikakohoa, nikasema, Madam, hii kitu ilikuwa haipumui. Nikaeleza nyigu, moto wa manjano, spoku. Nimeeleza vizuri kuliko Chesang. Nikasema ilinibidi nitumie mikono yangu.

Akasema ni ajabu, maana kwenye kimlango cha hita kuna stika: CHESANG WA GESI, RHONDA, na namba ya simu. Fundi gani asiyebandika namba yake? Nilisahau stika! Madam alishampigia hata kabla ya kuoga.

Nimengoja Express itajwe. Haikutajwa. Chesang amemwambia ni nyigu tu, na kwamba mzee alisimama kando yake hadi mwisho, akauliza maswali ya maana. Binti huyo nampenda jinsi mkulima anavyopenda mvua.

Madam akasema karavani inabaki kwangu. Sababu: safari hii Jamleck, yaani mimi, amejua kazi inayomshinda, akaita anayeijua. Mtu kama huyo anaweza kuachiwa mali.

Kipruto amenipa mkono juu ya ua. Maua, amesema, hayana haraka.

Jumapili, 20 Julai

Madam ameondoka akiwa na furaha. Amesema jambo dogo tu akipanda gari: asubuhi maji ya moto yalikawia kufika bafuni, kama dakika moja hivi. Si neno, akasema.

Dakika nzima! Na baridi hii!

Nimewaza kanisani mahubiri yote. HAPANA ni neno la jumla. Chesang alikuta koki imefunguliwa yote, akaifunga yote. Kuhusu nusu hakusema kitu. Nyusi yangu ya kushoto inaanza kuota, hii ni dalili njema.

Nimeinua ubao. Nimefungua robo tu, ikawa nusu. Juu ya utepe nimeongeza, kwa herufi ndogo: KWA KASI.

Kutoka hapa dirishani namwona Kipruto. Anamwagilia maua yake maji. Sijui anajisumbulia nini.