Mbuzi Kumi na Wawili kwa Tovuti Moja

Jéthro Syauswa aliona pesa pale ambapo wengine waliona matope tu. Asubuhi hiyo, kwenye maegesho ya malori ya Butembo, madereva saba walikuwa wamesimama kando ya magari yao, kila mmoja ameinamia simu. Jéthro akapenyeza kichwa kati ya mabega mawili. Wote walikuwa wanasoma kitu kimoja: tovuti iitwayo Njia Leo, inayoandikwa Beni. Ilieleza lori gani limekwama karibu na Mbau, viazi vya Masereka vimefika bei gani, nani amefariki na atazikwa wapi.

"Munasomaka hii kila siku?" akauliza.

"Kila siku, papa," akajibu dereva mmoja bila kuinua macho. "Bila hii utalala mu matope, na viazi yako inaoza."

Jéthro akaifungua kwenye simu yake, akaipekua toka juu hadi chini. Hakuona tangazo hata moja la biashara. Hakuna sabuni, hakuna bia, hakuna mabati. Watu wote hao wanapita mlangoni, na hakuna anayewauzia hata karanga. Moyo wake ukaruka kama wa mtu aliyeona pochi barabarani na mwenyewe haonekani.

Hapa inafaa tumweleze huyu bwana. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, suti moja, na viatu alivyovipangusa kila baada ya hatua hamsini, maana vumbi la Butembo halimheshimu mtu. Kadi yake iliandikwa "Conseiller". Mshauri wa nini, kadi haikusema. Alikwisha kuuza vibanda vya soko ambalo halijajengwa, na nafasi za masomo katika chuo ambacho hata yeye hakujua kiko wapi.

Alikuwa pia na mke, Kanyere, na hapo ndipo palipouma. Walikuwa wameishi pamoja miaka minane, wana watoto watatu, na Jéthro hajatoa hata mbuzi mmoja wa mahari. Zacharie, kaka mkubwa wa Kanyere, dereva wa lori la viazi, alikuwa amekuja kusema neno moja tu.

"Shemeki, mwisho wa mwezi. Mbuzi kumi na mbili, ao tunarudisha dada yetu kwetu."

Cha ajabu ni kwamba pesa za mbuzi zilikuwepo. Dola elfu moja na mia mbili zilikuwa ndani ya gunia la maharagwe chini ya kitanda. Zilihitaji tu kupelekwa sokoni. Lakini Jéthro hakuweza kuvumilia kuona dola safi zikigeuka wanyama wanaokohoa.

"Jéthro, enda uuze ile bambuzi," Kanyere akamwambia alipomwona anabeba mkoba. Kwao, kuuza na kununua ni neno moja, na ndivyo ilivyomfaa Jéthro maisha yake yote.

"Nafika Beni kwanza. Kuko mama moja iko na site."

"Ile site inalia mee?"

"Italia, bibi yangu. Itakuwa inalia dola."

Ndani ya mkoba mlikuwa na mitego yake mitatu. Mwenye tovuti, akitaka kupata pesa, hawezi kwenda kugonga milango ya viwanda vyote vya sabuni duniani. Anatafuta mtandao wa matangazo. Mtandao ndio unaoleta matangazo, unahesabu waliosoma na waliobonyeza, kisha unampa mwenye tovuti sehemu yake. Ipo mitandao mingi ya kweli, na kuchagua kunaumiza kichwa. Jéthro alikuwa amewaonea watu huruma. Aliwaletea mitatu tu ya kuchagua, yote yake, yote imechapwa kwenye mashine moja kwa rangi tatu.

Wa kwanza, Nyota Pub (“pub” ni matangazo kwa Kifaransa), uliahidi kulipa kila kidole kinapobonyeza tangazo. Wa pili, Ruwenzori Pub, uliahidi mshahara kila mwisho wa mwezi. Yote miwili ilidai dola mia moja na hamsini za kufungua dosye, yaani faili, kisha ikalala usingizi wa milele. Wa tatu, Imara Pub, aliuumba kuwa mbaya kwa makusudi: ulimpa mwenye tovuti pesa mara moja tu, nao ukachukua tovuti nzima na funguo zake. Hakuna aliyewahi kuuchagua. Ulikaa pale kama nyanya iliyooza ambayo muuzaji anaiweka karibu na nzuri. Na mtu aliyechagua mwenyewe hasemi kwamba ameibiwa. Anasema amechagua vibaya, tena kwa sauti ndogo.

Mwenye Njia Leo alikuwa mama Hulda, mwenye duka la fotokopi na kadi za harusi kwenye barabara ya Mavivi. Alikuwa mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, kiongozi wa kwaya ya kanisa lake. Alimpa Jéthro kiti, chai, na andazi, kisha akatulia kumsikiliza kama anayesikiliza mahubiri.

"Mama, weye unalalia dhahabu na unasikia njaa," akaanza Jéthro.

"Eh, papa directeur! Mais ile mambo ya publicité, tulishaka jaribu. Kuko kitu napashwa kukuambia juu ya ile ba réseau ba kwanza..."

Jéthro akainua mkono haraka. Akianza kuzungumzia mitandao ya kweli, huyu mama atalinganisha, na akilinganisha kazi imekwisha.

"Mama, ya zamani tuache. Mimi nakuja na ya sasa."

Akatandaza karatasi zake tatu mezani. Alieleza kwa robo tatu za saa, akitaja asilimia, Kinshasa, Dubai, na rafiki yake mmoja ambaye hakuwa na jina. Mama Hulda akavaa miwani, akasoma kila karatasi mbele na nyuma, hata mahali pasipoandikwa kitu.

"Batu ngapi wanaingia mu site yako?" Jéthro akauliza, ili muda usipotee.

Mama akamgeuzia kompyuta. Jumamosi iliyopita, kihesabu kilisema, kurasa zilifunguliwa mara elfu arobaini na moja.

Jéthro akalirudisha andazi sahanini. "Siku moja?"

"Siku moja. Ni batu betu. Banapenda kusaidia. Mais, papa, njo ile nilikuwa nataka kukuambia, ile ba réseau..."

"Mama! Ya zamani tuache!"

"Haya, haya. Unisamehe." Mama Hulda akavua miwani, akaweka kidole juu ya karatasi ya tatu. "Mi nachagua hii."

"Imara?" Jéthro hakuamini. "Mama, ile nyota itakulipa kila kidole. Kila kidole!"

"Vidole nilishaka choka navyo, papa. Hii ya tatu inapana kitu mu mukono leo. Bei gani?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Jéthro swali hilo. Karatasi yenyewe iliacha nafasi tupu, maana hakuwahi kuhitaji kuijaza. Angeweza kukunja mkoba na kuondoka. Lakini elfu arobaini na moja zilikuwa zinamchezea machoni. Akiwa na tovuti hiyo mkononi angeiunganisha na mtandao wa kweli, na kwa mwezi mmoja angerudisha mbuzi, zizi, na mchungaji wa kuwalinda. Watu wanaodanganya kila siku wana udhaifu huu: hawaamini kwamba na wao wanaweza kudanganyika, hasa wakijidanganya wenyewe.

"Mia tatu," akasema.

Mama Hulda akacheka hadi miwani ikarukaruka kifuani. "Elfu mbili."

Walibishana hadi mchana. Mama alihudumia wateja watatu wa fotokopi katikati ya mabishano na hakusahau bei hata mara moja. Walifika elfu moja na mia mbili, na hapo mama hakusogea tena.

Jéthro akaahidi kurudi na pesa, akakimbilia Butembo, akasubiri Kanyere aende sokoni, akalifungua gunia la maharagwe. Siku ya pili alikuwa Beni. Kwa kuwa aliogopa mama huyu asije akajuta na kudai tovuti yake, aliongeza kwa mkono wake mwenyewe mstari mmoja chini ya mkataba: "Kila mmoja anapokea alichopokea jinsi kilivyo, pamoja na mambo yake yote ya jana, na hakuna atakayerudi kwa mwenzake."

"Ni vizuri hii," akasema mama Hulda. "Nani anakufundisha kuandika vizuri hivi?" Akawaita waimbaji wawili wa kwaya, Henri na Hadassa, watie sahihi kama mashahidi. Kisha akajaribu mara ya tatu.

"Papa directeur, mbele sijatia signature, acha basi nikuelezee..."

"Mama, tia signature."

Akatia.

Jioni hiyo hiyo Jéthro alituma ombi kwa mtandao mkubwa wa matangazo, ule wa kweli. Jibu lilikuja kesho yake: tovuti hii imefungiwa daima kwa sababu ya mibonyezo ya udanganyifu. Akadhani ni kosa la mashine. Akaandikia mtandao wa pili. Imefungiwa. Akaandikia wa tatu. Imefungiwa, na wa tatu uliongeza kuomba asiwaandikie tena.

Alifika Beni amesahau kupangusa viatu. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi nyuma ya duka.

"Mama Hulda, mulifanya nini na hii site?"

"Ah! Leo unataka ya zamani?" Mama akasimamisha sauti za kwanza kwa mkono. "Basi kaa. Kijana moja alituambia, mutu akifinya publicité na kidole, makuta inaingia, pesa kabisa. Donc tukasema, sawa, tufanye salongo, kazi ya batu bote pamoja. Jumamosi, kiisha kufagia kanisa, tunasali, na kila mutu anafinya mara makumi tano. Sauti ya kwanza, sauti ya pili, babass."

"Babass walipita wote," akasema Henri kwa fahari.

"Réseau ya kwanza ikatufunga. Tukasema, labda hatukufanya kwa nguvu. Mu ya pili tukaongeza ba mama ba kanisa na batu ba pikipiki. Ikatufunga. Mu ya tatu tukaita hata Masereka, bauza viazi bote. Kila mutu mara mia moja! Ikatufunga siku ileile."

"Na ile elfu makumi ine na moja?"

"Tulishaka zoea, papa. Publicité hapana tena, tunafinya kurasa tu. Hakuna mutu alituambia salongo imeisha."

Jéthro alitafuta neno lolote lenye sauti ya sheria. "Mama, hii ni wizi!"

Waimbaji arobaini wakageuka kumtazama. Mama Hulda akatoa mkataba kwenye mfuko wa kitenge, akausoma mstari wa chini kwa sauti ya kiongozi wa kwaya, polepole, hadi kwenye "hakuna atakayerudi kwa mwenzake". Kisha akaukunja.

"Mara tatu nilitaka kukuambia. Hadassa, nilisema mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

"Basi. Papa directeur, na usisahau namba. Kwa kuwa site ni yako, nilitia namba yako pale chini. Batu banapiga simu sana."

Walipiga kweli. Walipiga Jéthro akiwa bado kwenye pikipiki kurudi Butembo. Dereva alitaka kujua kama Mbau kunapitika. Mjane wa Oicha alitaka tangazo la kifo cha mumewe litoke kabla ya mazishi. Wauza viazi walitaka bei. Jéthro alizima simu. Alipoiwasha ililia zaidi. Mwishowe, ili tu wanyamaze, aliwauliza madereva wawili hali ya barabara na kuiandika kwenye tovuti. Wakapiga simu kumi zaidi, kushukuru.

Mwisho wa mwezi Zacharie alifika na wajomba wawili na lori tupu la kubebea vyombo vya dada yake. Kanyere alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, watoto wamevaa viatu. Hakuwa analia. Alikuwa amelitikisa gunia la maharagwe siku tatu kabla, akakuta maharagwe tu.

"Bambuzi iko wapi?" Zacharie akauliza.

Jéthro akarekebisha tai. Alikuwa ametayarisha hotuba ndefu yenye benki, mzigo uliokwama, na homa ya mbuzi. Akafungua kinywa, na simu ikalia.

"Allô? ... Hapana, papa, pale Mbau usipite, lori mbili ziko mu shimo. Ungoja saa nane." Akakata. "Shemeki, kama unavyojua, hali ya benki..."

Simu ikalia tena. "Allô? ... Pole sana, mama. Jina ya marehemu? ... Mazishi saa ngapi?" Akaandika kwenye kiganja.

Zacharie alikuwa anamtazama kama anayetazama jiwe linaloongea. "Ni weye njo unaandikaka Njia Leo?"

Jéthro, ambaye angeweza kudanganya hata jina la mama yake, hakupata uongo wowote ulio karibu. "Ni mimi. Niliiuza na makuta ya bambuzi. Hainipi hata franga."

Wajomba walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Zacharie hakucheka.

"Siku ya tano ya hii juma, kama hapana site, gari yangu ingelala mu ile shimo na tani makumi mbili." Akawageukia wajomba, wakateta kwa Kinande muda mrefu, kisha akarudi. "Tunakupa mwaka moja. Bambuzi inakuwa kumi na ine, juu ya kuchelewa. Mais sikia. Kila asubuhi, mbele niwashe moteur, mi nafungua ile site. Siku moja nikikuta hapana njia pale, nakuja kubeba dada yangu."

Lori likaondoka tupu. Kanyere akashuka kutoka kwenye sanduku, akalirudisha chini ya kitanda, lakini hakulifungua.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri alimtikisa Jéthro bega.

"Directeur. Njia."

Jéthro akajikokota hadi mezani, akaanza kuwapigia madereva mmoja mmoja. "Kanyere," akanung'unika, "kwani hii kazi inalipa nini?"

"Mimi," akasema Kanyere, akavuta blanketi lote upande wake.