Projekta na Shuka ya Harusi

Jumatatu, 9 Juni 1986

Wiki ya tano tangu nifunge ndoa na Kituyi. Bado nikiona viatu vyake mlangoni moyo unaruka! Leo asubuhi amekunywa chai vikombe viwili, akasema Eldoret nzima hakuna anayeijua chai kama mimi. Nimeenda shuleni nikielea.

Kisha nikaanguka. Mzee Kipyego, hedimasta wetu, ametuita ofisini mimi na Ogola. Sisi ndio walimu wawili tu hapa ambao hatujaenda chuo. Tulimaliza fomu foo, tukapewa chaki. Sasa shule moja kule Chepsaita imekosa mwalimu, na mmoja wetu atapelekwa. Inspekta atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kutuangalia.

Chepsaita! Nitakuwa namwona Kituyi wangu wikendi peke yake, tena mvua isiponyesha!

Hedimasta akasema Inspekta anapenda vyombo vya kisasa. Ile projekta tuliyoletewa na wageni mwaka jana bado iko kabatini, chini ya kitambaa cha kufuma. Nani anajua kuitumia? Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema nilifundishwa nikiwa fomu thrii.

Sijawahi kuigusa.

Jumanne, 10 Juni

Nimeifunua. Ni sanduku lenye kioo juu na taa ndani, na shingo ndefu kama ya korongo. Unaweka maandishi kwenye kioo, yanatokea ukutani. Rahisi! Nikaandika jina langu juu ya kioo kwa kalamu nene: Maximilla Kituyi. Likatokea ukutani kubwa kama lori. Nililia kidogo.

Halikufutika. Nimelisugua kwa mafuta ya taa mapumziko yote mawili mpaka likatoka. Ogola akapita, akasema, Madam, kuna karatasi za plastiki za kuandikia. Nikamwuliza amejuaje. Akasema imeandikwa kwenye boksi.

Halafu akataka kuniambia jambo kuhusu Chepsaita. Nikaondoka haraka. Adui hasikilizwi.

Ila nimepata mpango. Nimeondoka na waya wa umeme wa projekta ndani ya kiondo, chini ya sukuma wiki. Bila waya, Ogola atafanya mazoezi na nini?

Jumatano, 11 Juni

Balaa! Hedimasta ameona waya haupo. Amemshika Kimeli, askari wetu wa getini, mzee wa watu, eti leo leo ataenda kueleza polisi. Kimeli akaapa kwa majina ya watoto wake wote, na ni wengi.

Sikuweza kuvumilia. Saa ya chakula nikakimbia nyumbani. Waya hauko kwenye kiondo! Kituyi, malaika wangu, ameuona asubuhi akaufunga nje, ameanika mashati yake mawili. Mwanaume anayejifulia mashati! Nilisimama hapo nikiyatazama kwa mapenzi mpaka nikakumbuka Kimeli.

Nikarudi, nikauokota waya nyuma ya kabati mbele ya watu. Hedimasta akasema Madam ana macho. Kimeli akanisalimia kwa mikono miwili. Dhamiri imenisumbua mpaka saa kumi.

Jumamosi, 14 Juni

Karatasi za plastiki hazimo kwenye boksi. Wageni walileta moja tu, na panya ameila.

Lakini albamu yetu ya harusi kila ukurasa una plastiki safi! Nimekata ule wa shangazi zake Kituyi, siyo wetu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia. Akasema shangazi zake wataonekana vizuri zaidi wakipata hewa.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya kanisa, kazi. Nimefikiria sana. Jumanne nililia, sikuangalia jina langu limeelekea upande gani. Ndani ya ile shingo kuna kioo cha kujitazamia. Kioo hugeuza. Basi niandike kinyume, kigeuze, kisomeke sawa. Akili!

Somo ni moyo wa binadamu, fomu tuu. Nimeuchora mwekundu, nikaandika sehemu zake zote kinyumenyume huku Kituyi ameshika kioo cha kabati. Saa tatu nzima. Hakulalamika. Alisema tu kwamba moyo wangu unafanana na wa kadi ya mapenzi. Nikafuta mshale.

Tukafunga mapazia tujaribu kwa tochi. Mama Sarah, jirani yetu, alikuwa anaanua nguo. Akapaza sauti: Haya, maharusi, mchana kweupe, tena siku ya Bwana! Majirani wa ploti nzima wakacheka. Kituyi akacheka kuliko wote. Sitatoka nje mpaka kesho.

Alhamisi, 19 Juni

Mazoezi darasani. Kila neno kinyume. Kumbe ile shingo haihitaji msaada wangu! Jasho likanitoka. Ogola akatazama, akaja polepole, akaipindua plastiki, upande wa chini ukawa juu. Ikasomeka.

Nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa.

Tatizo la pili ni ukuta. Mahali peupe ni juu ya ubao tu, na hapo ndipo ilipo picha ya Rais. Moyo wangu ukamwangukia Rais kwenye paji la uso. Hedimasta aliirukia mashine akaizima. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: picha haitolewi, haifunikwi, haimulikwi. Na mimi sikuona chochote, Madam, na wewe hukuona.

Nikamwambia asijali. Nina shuka nyeupe, mpya, ya harusi, kazi ya mkono wa shangazi yangu Tryphosa. Tutaitandaza chini ya picha. Ina maandishi kidogo upande wa juu. Nitaukunja.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekaa chini. Nimekunywa maji. Naandika.

Inspekta ni Mzee Kipngetich, mfupi, suti ya kahawia. Aliketi nyuma kabisa, kalamu mkononi. Msumari ulikuwa mmoja, nao ni wa Rais. Basi Ogola akasimama juu ya dawati upande mmoja akishika shuka, na hedimasta upande wa pili. Adui yangu ameshika shuka yangu! Nikawasha. Moyo ukatokea mwekundu, mkubwa, mzuri. Darasa likaguna kwa furaha.

Kisha mkono wa hedimasta ukachoka. Akaushusha kidogo, pindo likafunguka.

Fomu tuu wana mazoea, na ni mimi niliyewazoesha: kinachotokea mbele, wanasoma wote, kwa sauti, bila kungoja. Sauti arobaini na mbili zikasoma uzi mwekundu wa shangazi Tryphosa:

“LALA SALAMA MPENZI WANGU!”

Hedimasta hakuweza kuachia shuka wala kuziba uso. Mimi nilitamani Chepsaita. Kweli, kwa mara ya kwanza, niliitamani!

Mdomo wangu ukasema wenyewe: Vizuri sana. Mpenzi akilala, kila kitu kinapumzika, isipokuwa kitu gani? Wakaitikia: Moyo! Msichana mmoja akauliza, na mtu akimwona mpenzi wake, Madam, unapiga mara ngapi? Nikasema mara nyingi mno, mimi ninajua. Inspekta akacheka mpaka akavua miwani. Akawaambia washike vifundo vya mikono wahesabu. Akahesabu na wake.

Baadaye ofisini akasema somo limeeleweka. Kuhusu Chepsaita, akashangaa: mbona jambo hilo liliisha? Ogola aliandika barua tangu Aprili kuomba kwenda huko, na juzi imekubaliwa. Hedimasta hakuwa na habari.

Nikamgeukia Ogola. Akasema, shemeji, tangu Jumanne ile najaribu kukuambia. Ukiniona unakimbia kama kuku aliyeona mwewe. Mchumba wangu Nanyama anafundisha huko, tunaoana Desemba.

Nilimkumbatia mbele ya Inspekta.

Jumamosi, 21 Juni

Sihami! Sihami! Kituyi aliniinua nikagusa dari. Tumekula kuku. Shuka imerudi kitandani.

Nimetafakari sana juu ya wiki hizi mbili, na naona wazi kwamba mipango yangu imefaulu yote. Bila projekta, nani ajuaye, Ogola angeweza kubadili nia.

Sasa chumba chake ndani ya ua wa shule kitabaki wazi. Ni karibu na ghala la mahindi ambako Kituyi ni karani. Angekuwa anakuja kula kwangu kila mchana! Lakini Jepkemboi, mwalimu wa hesabu, amekiomba kwanza. Basi jana, kabla hedimasta hajafunga ofisi, nimemwambia kwamba nyumba yetu ina unyevu mbaya sana, kuta zinalia maji, na kifua changu hakiwezi.

Nyumba yetu ni kavu kama biskuti. Hedimasta atakuja Jumatatu kujionea mwenyewe.

Kituyi amekwenda bombani. Tunadhani ndoo nne zitatosha.